Sola ya Nyumbani: Hesabu Inayosahau Usiku

Fundi wa sola akifika kwa mteja mpya, swali lake la kwanza ni lile lile: mna vifaa gani? Mwenye nyumba anahesabu kwa vidole. Taa tano, televisheni, king'amuzi, sabufa, simu. Fundi anaandika, anazidisha, anajumlisha, na baada ya robo saa bei imeshatajwa. Miezi michache baadaye inveta inalia saa 3 usiku, watoto wameachwa gizani na madaftari yao, na majirani wanaambiana kwamba sola ni ya kudanganyia watu.

Sola haidanganyi mtu. Kilichokosewa ni ile robo saa. Nimefuatilia miradi ya umeme vijijini kwa muda mrefu, na nimefikia mahali pa kuamini kwamba mifumo mingi ya nyumbani inayokufa mapema huwa imeshaharibika kabla paneli haijapanda juu ya bati. Inaharibikia kwenye karatasi, katika swali lililoulizwa vibaya na kujibiwa na mtu asiyejua jibu.

Jambo hili si dogo kwetu. Ripoti ya upatikanaji wa nishati ya mwaka 2016, iliyoandaliwa na Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, pamoja na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ilionyesha kuwa karibu robo ya kaya zenye umeme Tanzania Bara zilikuwa zikitumia sola, na kwamba vijijini waliokuwa na sola walikuwa wengi kuliko waliounganishwa na gridi. Nguzo zimefika vijiji vingi tangu wakati huo. Lakini vitongoji vilivyo mbali na nguzo bado vipo, na hata walio chini ya waya wanafunga sola kwa sababu ya kukatika kwa umeme. Kila mmoja wao anapaswa kujibu swali moja kabla ya kutoa fedha: nyumba yangu inakula umeme kiasi gani?

Tuanze na ushahidi wa jinsi swali hili linavyotushinda. Mwaka 2017 watafiti wanne, Courtney Blodgett, Peter Dauenhauer, Henry Louie na Lauren Kickham, walichapisha utafiti wao kuhusu gridi ndogo nane za vijijini Kenya. Walichukua wateja 176 na kulinganisha majibu ya madodoso kuhusu matumizi yao na kile kilichorekodiwa na mita. Kwa wastani mteja mmoja alitumia wati-saa 113 kwa siku. Makadirio yaliyotokana na majibu yalipishana na mita kwa wastani wa wati-saa 426 kwa siku.

Tarakimu hizo zinahitaji kusomwa polepole. Taa ya wati 7 ikiwaka saa moja inakula wati-saa 7, na wati-saa 1,000 ndiyo yuniti moja kwenye mita ya malipo ya kabla, LUKU. Wati-saa 113 kwa siku haifiki hata yuniti 3.5 kwa mwezi, wakati kundi la wateja wadogo kabisa wa shirika la umeme, TANESCO, linaruhusiwa hadi yuniti 75. Sasa kosa la makadirio lilikuwa karibu mara nne ya kitu chenyewe kilichokuwa kinapimwa. Tena kosa la ukubwa huo haliwezi kuwa la kupunja, maana anayetumia 113 huwezi kumpunja zaidi ya 113. Ni kosa la kuzidisha.

Wanakijiji hawakuwa waongo. Mtu asiye na sababu ya kutazama saa hajui kama televisheni iliwaka saa mbili au tano jana. Anajua tu kwamba waliangalia taarifa ya habari, kisha mpira, kisha usingizi ukawachukua. Akija mgeni na gari la mradi na fomu mkononi, mwenyeji anamweleza maisha anayotarajia kuyaishi umeme ukishafika. Na yupo anayepima maneno yake kwa hekima: akitaja kidogo, huenda mradi utakaoletwa ukawa mdogo. Nani asiyetaka kijiji chake kipate mradi mkubwa? Matokeo yake mhandisi anajenga mtambo wa kulisha kijiji ambacho hakipo, gharama zinagawanywa kwa yuniti chache zinazouzwa, na bei ya yuniti moja inapanda mpaka wanakijiji wanarudi kwenye tochi za betri.

Kwenye sola ya nyumba moja kosa huelekea upande wa pili. Hapa analipa mwenyewe, na mfuko ndio unaokadiria. Ana laki sita. Fundi anatafuta mfumo wa laki sita. Hesabu inaanzia kwenye fedha na kurudi nyuma mpaka kwenye wati, na saa za matumizi zinapunguzwa kimya kimya hadi zitoshee. Fundi naye anajua kuwa akitaja bei ya mfumo unaotosha, mteja ataenda kwa fundi wa mtaa wa pili ambaye hatauliza maswali mengi.

Tuitazame nyumba moja kwa makini, kwa sababu undani wa jambo hili umo kwenye tarakimu ndogo. Tuseme ni nyumba ya mwalimu wa shule ya msingi, kijiji kimoja wilayani Kongwa mkoani Dodoma, ambako jua halina uhaba. Ana taa tano za LED za wati 7, nne ndani na moja nje mlangoni. Ana televisheni ya inchi 32 inayokula wati 45, king'amuzi cha wati 12, sabufa ya wati 20 na simu tatu. Fundi anaweka kila taa saa 4, televisheni na king'amuzi saa 4, sabufa saa 5, na kwa simu zote anaweka wati-saa 36. Taa 140, televisheni 180, king'amuzi 48, sabufa 100, simu 36. Jumla ni wati-saa 504 kwa siku. Ni hesabu safi, na ukiirudia mara kumi utapata jibu lile lile.

Sasa tuingie ndani tukae mpaka asubuhi. Kwanza taa. Ya sebuleni inawaka saa 4 kweli, kwa sababu watoto wanasoma hapo. Ya jikoni saa 2. Za vyumbani saa moja moja. Hiyo ni wati-saa 56 tu kwa taa nne. Ya nje je? Muulize mama mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama. Hii taa ya mlangoni huwa mnaizima saa ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hiyo hatuizimi. Fisi wanapita hapa, na mbuzi wako zizini."

Katika nchi zetu za karibu na ikweta usiku una takriban saa 12 mwaka mzima. Wati 7 mara saa 12 ni 84. Ukijumlisha na 56 za ndani unarudi kwenye 140 ile ile ya fundi. Kwa taa alipata jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi, na ndiyo sababu kosa lake halikuonekana mapema.

Kosa lilikuwa kwingine. King'amuzi kinazimwa kwa rimoti, na kikizimwa hivyo taa yake nyekundu inabaki ikiwaka. Ving'amuzi vingi katika hali hiyo huendelea kula umeme karibu sawa na vinapofanya kazi. Kwa saa 24 hiyo ni wati-saa 288 badala ya 48. Halafu ipo inveta yenyewe, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230. Inveta ya kawaida inaweza kula wati 15 hata isipolisha kitu. Kwa kuwa taa ya nje imeunganishwa kupitia inveta, inveta nayo haizimwi usiku. Wati 15 mara saa 24 ni wati-saa 360. Kwa hiyo usiku kucha kifaa cha kati kinakula wati 15 ili kuilisha taa ya wati 7.

Jumla mpya ni wati-saa 1,104, zaidi ya mara mbili ya makadirio. Zote 600 zilizoongezeka zimetokana na vitu viwili ambavyo hakuna mtu nyumbani humo angesema anavitumia. Ndiyo maana swali la "mna vifaa gani" halifai peke yake. Inveta haikutajwa kwa sababu ilikuja na fundi mwenyewe.

Fuata hesabu hiyo mpaka kwenye bati. Kwa Kongwa tukikadiria saa 5 za jua kamili kwa siku, na tukikubali kwamba karibu theluthi moja ya umeme hupotea njiani kwa sababu ya joto, vumbi, waya na betri, paneli ya wati 150 italeta kama wati-saa 525. Kwa makadirio ya fundi inatosha na chenji inabaki. Kwa nyumba yenyewe kuna pengo la wati-saa 579 kila siku. Betri ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 100 ina wati-saa 1,200, na ikiwa ni ya asidi, nusu tu ndiyo inayofaa kutumiwa ukitaka iishi. Siku ya kwanza nusu hiyo inakwisha. Siku ya pili betri iko chini kabisa. Ikiendelea kuzungushwa humo humo chini bila kujaa hata siku moja, salfeti inaganda kwenye sahani zake na uwezo wake unapungua wiki hadi wiki. Hapo ndipo mtu anaruka kontrola, kifaa kinacholinda betri isikwishe kabisa, anaunganisha waya moja kwa moja kwenye betri ili apate saa moja zaidi ya mwanga, na betri inamalizika kabisa. Fundi atasema mteja aliharibu, mteja atasema aliuziwa betri mbovu. Kwenye ugomvi huo hakuna anayeitafuta ile karatasi ya siku ya kwanza.

Dawa yake inaumiza kwa kuwa ni rahisi. Taa zote zingefungwa za volti 12 zinazotoka moja kwa moja kwenye kontrola, bila kupitia inveta. Swichi ya ukutani ingekata inveta na king'amuzi kwa pamoja wakati wa kulala. Inveta ikiwaka saa 8 tu kwa siku inakula 120, king'amuzi kinarudi 48, na nyumba inatumia wati-saa 624. Hapo paneli ya wati 200 na betri moja ya Ah 150 hivi zinatosha, pamoja na akiba ya nusu siku ya mawingu. Bila swichi hiyo nyumba ile ile, kwa maisha yale yale, inahitaji paneli za zaidi ya wati 300 na betri mbili. Gharama ya betri nzima imeokolewa na swichi na maneno matatu kwa mama mwenye nyumba.

Nimesema mama kwa makusudi. Fundi huzungumza na baba, kwa sababu baba ndiye anayelipa. Lakini katika nyumba nyingi baba hayupo mchana kutwa, na usiku yeye si wa mwisho kulala. Anayejua taa ya jikoni inawaka saa 11 alfajiri wakati wa kuandaa chai ni mama. Anayejua redio inawashwa mara tu baba akitoka ni binti wa nyumbani. Watoto wanajua kuliko wote saa ambazo televisheni inawaka bila ruhusa. Makadirio ya kweli yanataka nyumba nzima ikae pamoja, japo kwa nusu saa, na kila mmoja aseme siku yake ilivyo. Chuo cha Barefoot, kilichoanzia Tilonia nchini India, kina kituo Unguja kinachofundisha akina mama wa vijijini ufundi wa sola, wengi wao wakiwa hawakupata nafasi ya kusoma sana. Watu huusifu mpango huo kwa kuwapa wanawake kazi, na wanastahili kuusifu. Mimi naona faida nyingine inayosemwa kwa nadra: fundi aliyewahi kupika, kulea na kuamka alfajiri katika nyumba kama ile anayoipima anajua pa kuuliza.

Kuna siku ambazo fomu hazina safu zake. Mwezi wa Ramadhani katika nyumba ya Mwislamu unahamisha matumizi yote: futari jioni, tarawehe, kisha daku saa 10 usiku, taa na redio zikiwa hai wakati betri imechoka kuliko wakati wowote. Likizo ya Desemba inawarudisha watoto wa bweni na simu zao, nao wageni wa Krismasi wanaleta zao. Baada ya mavuno fedha zinapatikana na sabufa kubwa inanunuliwa mnadani. Mechi ya Simba na Yanga inajaza sebule na uani, na hakuna mwenye nyumba atakayewaambia majirani betri imefika nusu. Na ukitokea msiba, nyumba inakesha. Taa za nje zinaongezwa, spika inawashwa, watu hamsini wanaomba kuchaji simu, kwa siku tatu mfululizo. Katika nyumba ya Mtanzania hayo si matumizi mabaya. Umeme umekuja kuutumikia ubinadamu wetu, na mfumo usioweza kubeba msiba mmoja ni mfumo uliopimwa kwa ajili ya watu wengine.

Haiwezekani kumjengea kila mtu mtambo wa kubeba msiba kila siku. Lakini inawezekana kuacha nafasi. Inveta na kontrola zikichaguliwa kubwa kidogo kuliko hitaji la leo, paneli ya pili inaweza kuongezwa mwakani bila kutupa kitu. Betri za asidi hazipendi hivyo: ukiunganisha mpya na iliyozeeka, nzee inaivuta mpya chini. Kwa hiyo makosa ya betri ndiyo yanayoumiza zaidi, na anayepunja betri mwanzoni hulipa mara mbili. Betri za lithiamu zinaweza kutumiwa hadi asilimia 80 au zaidi na kuzungushwa maelfu ya mara, na ingawa bei yake ya dukani inatisha, kwa nyumba inayotumia umeme mwingi usiku mara nyingi ndizo rahisi ukihesabu kwa miaka.

Upande wa jua una udanganyifu wake, ila ni mfupi kueleza. Wati zilizoandikwa nyuma ya paneli zilipimwa maabara, seli zikiwa na nyuzi joto 25. Juu ya bati la Dodoma saa 7 mchana seli hufika nyuzi 60 bila shida, na kila nyuzi moja inayozidi hupunguza karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Hiyo pekee ni asilimia 14. Kuacha nafasi ya upana wa kiganja kati ya paneli na bati ili upepo upite kunasaidia kupunguza joto hilo. Tukuyu, wilayani Rungwe, hali ni tofauti. Hapo ni baridi lakini mvua na mawingu ni vya miezi mingi, na fundi anayebeba hesabu ya Kongwa na kuipeleka Rungwe ataacha nyumba gizani mwezi Aprili. Kipimo sahihi ni mwezi mbaya kuliko yote wa mahali hapo.

Na kabla ya kuamini kilichoandikwa kwenye paneli, ipime kwa mkono. Paneli nzuri za sasa hutoa takriban wati 200 kwa kila mita moja ya mraba. Ukiuziwa "wati 300" kwenye kipande cha nusu mita ya mraba, hiyo ni lebo tu. Betri ya asidi ya Ah 100 huwa na uzito wa kilo 25 hadi 30. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja kama kikapu cha nyanya, ndani hakuna Ah 100.

Lipo pia suala la vifaa vinavyozalisha joto, ambavyo wateja huvitaja mwishoni kabisa wakati fundi anafunga begi. Pasi ya umeme ya wati 1,000 kwa dakika 20 inakula zaidi ya wati-saa 330, kiasi kinachozidi nusu ya matumizi yote ya siku ya mwalimu wetu baada ya kuweka swichi. Kwa mfumo mdogo, pasi ya mkaa ibaki. Jambo hili litazidi kuwa gumu, kwa sababu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na majiko ya umeme yenye presha yameanza kuingia majumbani. Jiko la namna hiyo linavuta kama wati 1,000 linapochemsha. Nyumba inayofikiria kulinunua miaka miwili ijayo iseme leo.

Basi tupime vipi? Walio mjini na wanaotaka sola ya akiba wana chombo ukutani tayari. Soma salio la LUKU saa 12 jioni na saa 12 asubuhi kwa wiki nzima, siku za kazi na za mapumziko. Utapata mchana wako na usiku wako, vikiwa vimetengana. Kutengana huko kuna maana kubwa. Nyumba mbili zinaweza kutumia wati-saa sawa kwa siku, moja ikiwa na cherehani na mashine ya kunyolea zinazofanya kazi jua likiwaka, nyingine ikiwa na taa na televisheni tu. Ya kwanza inachota kwenye paneli moja kwa moja. Ya pili inachota kila kitu kwenye betri, na betri yake lazima iwe kubwa zaidi.

Kwa aliye kijijini asiye na mita, wale watafiti wa gridi ndogo za Kenya waliacha jibu la pili ambalo nalithamini kuliko la kwanza. Walijaribu kukadiria matumizi ya gridi moja kwa kuangalia wastani uliopimwa kwenye gridi nyingine, bila kumuuliza mtu saa zake. Kosa lilishuka kutoka wati-saa 426 hadi 75. Mita ya jirani ilijua zaidi kuliko kinywa cha mwenye nyumba. Kwa mtu wa kawaida maana yake ni hii: kabla hujaenda dukani, nenda kwa mtu wa kijiji chako mwenye maisha kama yako na sola ya miaka miwili. Muulize mfumo wake una ukubwa gani, umeme huisha saa ngapi, betri ya kwanza ilidumu muda gani, na angepewa nafasi ya kuanza upya angebadili nini. Mazungumzo hayo ni bure, na yana taarifa ambazo hakuna katalogi inayozitoa.

Kampuni za lipa kidogo kidogo, ambazo zilienea Afrika Mashariki kuanzia mwaka 2012 M-KOPA ilipoanza kuuza Kenya, zilikwepa tatizo hili kwa njia yao. Zinauza paneli pamoja na taa, redio na televisheni zake, vyote vya volti ndogo, bila inveta kubwa. Matumizi yanajulikana kwa sababu vifaa vimekuja na mfumo. Wengi hulalamika kwamba huwezi kuunganisha kitu kingine, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini mipaka hiyo ndiyo inayofanya taa zao ziwake, na mafundi wetu wa mtaani wangeweza kujifunza hapo kupanga vifaa kwanza na paneli baadaye.

Kwa waandaaji wa miradi mikubwa nina neno zito zaidi. Wapangaji wa umeme duniani wanatumia mfumo wa ngazi uliotolewa mwaka 2015 chini ya Benki ya Dunia: ngazi ya kwanza wati-saa 12 kwa siku, ya pili 200, ya tatu 1,000. Ni chombo kizuri cha kuripoti nchi nzima. Kinakuwa hatari kinapogeuzwa kuwa orodha ya manunuzi, kila kaya ikipewa kifurushi cha ngazi fulani bila mtu kuingia ndani ya nyumba. Wastani wa wale wateja wa Kenya ulikuwa kati ya ngazi ya kwanza na ya pili. Nyumba ya mwalimu wetu, kabla ya swichi, ilipita ya tatu. Zote mbili ni nyumba za kijijini, na kwenye jedwali la mradi zingeandikwa mstari mmoja.

Mikataba mingi inamlipa mkandarasi kwa idadi ya mifumo iliyofungwa. Siku ya kupima nyumba haina malipo yake. Siku ya kurudi baada ya miezi mitatu kuangalia betri haimo kwenye bajeti. Ripoti inahesabu paneli, picha inapigwa na mgeni rasmi, na hakuna anayeulizwa ni taa ngapi zinawaka mwaka wa pili. Sehemu ya malipo ingefaa ibaki hadi miezi sita baada ya kufunga, na itolewe baada ya kupima volti za betri alfajiri kabla jua halijachomoza. Kwa mpango huo hata mkandarasi angetaka kujua taa ya nje inazimwa saa ngapi. REA na wafadhili wake wanaweza kuliandika sharti hilo kwenye zabuni ijayo bila kusubiri sheria mpya.

Nawe unayejiandaa kufunga nyumbani kwako, usitoe fedha ya paneli kabla hujaiona karatasi. Iwe na saa za kila kifaa, za mchana na za usiku zikiwa zimetengwa. Iwe na mstari wa inveta yenyewe. Ioneshe mwezi mbaya wa mahali unapoishi, na nafasi ya kuongeza paneli baadaye. Iwe imejazwa mbele ya watu wote wa nyumba, sio mbele yako peke yako. Fundi akiijaza vizuri, mlipe kazi hiyo kabla hajapanda juu ya bati, kwa kuwa amekwisha kukufanyia kazi kubwa. Akishindwa kuijaza, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine.